Bastola ya karakana: kwa nini anayeishika ndiye huumia kwanza

Mama mmoja wa Naitiri anafagia ghala la mahindi kabla ya mavuno mapya kuingia. Nyuma ya gunia la mwisho anakuta kitu kizito kilichofungwa ndani ya shati kuukuu. Anakifungua. Ni kipande cha bomba la chuma kilichounganishwa na mpini wa mbao, na kando yake risasi mbili. Shati analijua, kwa maana amelifua mara nyingi. Ni la kijana wake wa pili, ambaye saa hiyo yuko stejini na pikipiki yake.

Mama huyo ni wa mfano tu, wala hakuna boma linalolengwa. Lakini swali lililo mbele yake ni la kweli. Afanye nini saa hiyo? Akirudishe kitu kile mahali pake na kunyamaza? Akakitupe mto Nzoia? Akitie kikapuni akipeleke kituo cha polisi kwa bodaboda? Njia zote tatu zina hatari yake, na mojawapo inaweza kumuua kabla hajafika barabarani.

Somo la toleo hili linahusu bastola za bei rahisi zisizoaminika: zile zinazoundwa kwa siri na mafundi wasio na kibali, na pia zile za kiwandani ambazo mwenyewe, hata kama ana leseni, huanza kuzifungua na kuzirekebisha nyumbani kwa sababu zinakwama.

Nguvu iliyo ndani ya risasi

Watu wengi huiona bastola kama kifaa cha kurusha. Kwa mtaalamu, bastola kwanza ni chombo cha kuzuia. Risasi ikigongwa kitakoni, baruti iliyo ndani ya ganda huwaka na kugeuka gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Gesi hiyo hutafuta pa kutokea. Chuma kinachoizunguka kikistahimili, njia pekee inayobaki ni kusukuma kichwa cha risasi mbele. Kisipostahimili, gesi hutoka palipo dhaifu: ubavuni uliko mkono, au nyuma uliko uso wa anayefyatua.

Ni nguvu kiasi gani? Tairi la Probox hujazwa upepo wa kama pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Risasi ya kawaida ya bastola, ile ya milimita 9, inaruhusiwa na viwango vya kimataifa kufikia bari 2,350, ambazo ni karibu pauni 34,000 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 1,000 ya upepo wa tairi. Aliyewahi kuwa karibu na tairi la lori likipasuka kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale anaweza kukadiria mwenyewe.

Mtutu wa kiwandani hutengenezwa kwa chuma kilichochaguliwa kwa kazi hiyo, hupimwa, kisha hupigwa mhuri na nambari. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Bomba la fremu ya kitanda lilitengenezwa kumbeba mtu aliyelala. Huenda likastahimili mara ya kwanza, na hapo ndipo vijana hudanganyika, kwa kuwa huamini kwamba silaha iliyofyatua bila kupasuka imejithibitisha. Ukweli ni kinyume. Kila mlipuko huacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na chuma hukaribia zaidi siku ya kuachia. Hakuna fundi anayeweza kuitambua siku hiyo kwa kuangalia.

Kupasuka si hatari pekee. Nyingi ya silaha hizi hazina kizuizi cha kuaminika cha kuzifanya zisifyatuke bila kukusudiwa. Zikianguka sakafuni, zikigongwa, au pikipiki ikiruka kwenye bampu, zinaweza kufyatuka. Anayeibeba bastola ya namna hiyo kiunoni ameielekeza kwenye paja lake au tumbo lake, na mapajani upo mshipa mkubwa ambao ukikatika mtu hupoteza maisha kwa dakika chache. Tena risasi ikitoka, haiendi lazima inakoelekezwa. Aliyesimama kando ana sababu ya kuogopa sawa na anayelengwa.

Halafu kuna kurekebisha. Bastola imegoma kufyatua, mwenyewe anaigeuza, anachungulia mtutuni, anaitikisa, anaigonga kwa koleo. Baruti iliyoingia unyevu inaweza kuchelewa sekunde kadhaa kabla ya kuwaka. Silaha iliyokaa kimya si lazima iwe imekufa. Mtu anayejaribu kuitengeneza yuko hatarini kuliko alipoishika mara ya kwanza, kwa kuwa sasa mikono yote miwili na uso wake viko karibu nayo.

Mitutu mibovu si jambo la leo

Nchi zilizotangulia kuunda bunduki zilijifunza haya kwa vidole vya watu wao. Mwaka 1637 mafundi wa bunduki wa London walipewa hati ya kifalme, na kazi ya kupima mitutu ikawekwa mikononi mwao. Kila mtutu ulifyatuliwa kwanza ukiwa na baruti nyingi kuliko kawaida, ukiwa umefungwa mahali pasipo na mtu. Ulionusurika ulipigwa mhuri, uliopasuka ukatupwa. Mji wa Birmingham nao ukapata nyumba yake ya upimaji mwaka 1813. Mji huo huo, hata hivyo, uliunda bunduki za bei ya chini kabisa kwa ajili ya soko la Afrika, na wafanyabiashara wenyewe walijua kwamba chuma chake kilikuwa cha daraja la mwisho.

Bunduki za kila aina, magobore ya kushindiliwa baruti mdomoni yakiwa miongoni mwake, zilipita Zanzibar kwa maelfu katika miaka ya 1880 na kupanda bara na misafara ya pembe za ndovu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka masharti ya kuizuia. Wakati huo nyingine zilikuwa zimekwisha kufika huku kwetu. Bunduki zilizotoka kwa watoro wa misafara na kuwafikia Wabukusu zilikuwa sehemu ya chanzo cha mgogoro na Waingereza. Askari walitumwa kutoka Mumias kwenda kuzidai, wakauawa, na jeshi likafuata. Mwisho wake ulikuwa Lumboka na Chetambe, mwaka 1895. Anayepita chini ya mlima wa Chetambe pale Webuye anapita mahali ambapo jamii nzima ililipa gharama ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa wachache.

Mfano wa karibu zaidi kwa miaka uko ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahunzi wa Karamoja, Uganda, waliunda bunduki zao kutokana na mabomba ya samani za chuma. Mwaka 1979, Idi Amin alipoangushwa, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki za kijeshi zikasambaa. Zile za kienyeji zikapoteza thamani karibu mara moja. Waliokuwa wakizibeba ndio waliozijua kasoro zake vizuri zaidi.

Sababu ya kijana kuwa nayo mara nyingi ni hofu. Ng'ombe wameibwa, duka limevunjwa, abiria wa usiku amemgeukia mwendeshaji bodaboda. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, hasa katika kaunti ambayo familia nyingi bado zinakumbuka kilichotokea Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, hadi jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha mwezi Machi 2008. Lakini silaha ambayo haijulikani itafyatuka lini haimkingi mtu na mwizi. Ikigoma, mwenye kuibeba amebaki ameonyesha silaha mbele ya mtu ambaye huenda yake inafanya kazi.

Hata ya kiwandani

Mwenye bastola halali anaweza kudhani somo hili halimhusu. Kisa cha California, Marekani, kinamhusu. Mwaka 1994 mvulana wa miaka 7 alipigwa risasi na rafiki wa familia aliyekuwa akijaribu kuondoa risasi kwenye bastola ya bei rahisi, ili nyumba iwe salama. Bastola hiyo ilikuwa imeundwa kwa namna ambayo, ili kuitoa risasi, ilibidi kwanza kuondoa kizuizi cha usalama. Kesi ilipofika mahakamani ilidaiwa kwamba muundo huo uliwekwa kwa sababu bastola ilikuwa ikikwama. Badala ya kuponya ugonjwa wa kukwama, kiwanda kilihamisha hatari kwa mtumiaji. Mvulana alipooza. Mwaka 2003 wazee wa baraza la mahakama waliwaamuru wahusika wa bastola hiyo kulipa dola milioni 24, na kampuni ikafilisika.

Mtu aliyefyatua hakuwa mhalifu wala mlevi. Alikuwa mtu mzima mwenye nia njema, akiishika silaha asiyoijua vizuri.

Nchini Kenya, mwenye leseni haruhusiwi kuipeleka bastola yake kwa fundi yeyote aliye na tupa na mashine ya kuchomelea. Kazi ya kuunda, kuuza na kutengeneza silaha ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayosimamia, na Desemba 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote kukaguliwa upya. Bastola inayokwama irudishwe kwa aliyeiuza au kwa mfanyabiashara mwingine aliyesajiliwa. Kuisugua springi mezani jikoni, watoto wakitazama, si utunzaji.

Sheria inasemaje kuhusu ile ya ghalani

Wapo wanaosema kwamba bomba lililounganishwa na mbao si bunduki, ni chuma tu. Sheria haikubaliani nao. Inatazama kama chombo chenye mtutu kinaweza kurusha risasi na kuua, au kama kinaweza kurekebishwa kufanya hivyo. Haiulizi kilitoka kiwanda gani. Mtaalamu wa balistiki wa Idara ya Upelelezi wa Jinai hukijaribu, na ripoti yake hupelekwa mahakamani. Risasi peke yake, bila bunduki, nayo inahitaji cheti. Mtu anayepatikana na silaha bila cheti, silaha isiyo ya kijeshi, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 5. Kwa bunduki za kivita kama AK-47 au G3 adhabu inaweza kuwa kifungo cha maisha.

Na hata iliyokufa kabisa haimwokoi mtu. Kitu chochote kinachofanana na bunduki, kiwe kinafyatuka au la, kikitumiwa kwa nia ya kutenda uhalifu, ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Mwizi anayetisha watu kwa bastola isiyofanya kazi hawezi kujitetea kwa ubovu wake.

Kifungu kinachomgusa mama wa Naitiri kiko katika Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 4. Kuwa na kitu si kukishika mkononi tu. Ikiwa watu wawili au zaidi wanajua kipo na wamekubali kiwepo, wote huhesabiwa kuwa nacho. Mama anayekirudisha nyuma ya gunia na kunyamaza anaweza, kuanzia dakika hiyo, kuwa mshtakiwa pamoja na mwanawe. Ndiyo maana kunyamaza, ambako kunaonekana kama njia ya kumlinda kijana, kunaweza kuwaweka wawili kizimbani badala ya mmoja.

Fundi aliyeletewa kazi ya ajabu

Karakana za kuchomelea ziko kila soko, kuanzia Ndalu hadi Mbakalo, na nyingi zinaendeshwa na vijana waliosomea vyuo vya ufundi vya kaunti. Karibu wote ni watu wa madirisha, milango na majembe ya kukokotwa. Hatari kwao huja kwa umbo la kazi ndogo.

"Fundi, nitobolee hiki kibomba hapa, halafu nichomelee hapa."

"Ni cha nini?"

"Ni cha pampu."

"Pampu gani?"

Mteja asiyeweza kulijibu swali hilo la pili, anayetaka kazi ifanywe jioni, anayekataa kuacha kifaa hapo na kulipa zaidi ya bei, ametoa dalili za kutosha. Fundi ana haki ya kukataa kazi bila kueleza sababu. Aliyetengeneza sehemu huku akijua inakokwenda hawezi kujitetea kwamba hakuitengeneza silaha nzima, maana sehemu muhimu kama mtutu nazo zinahesabiwa na sheria. Wakufunzi wa vyuo wangefanya vyema kuliingiza jambo hili katika wiki ya kwanza ya mafunzo, pamoja na miwani ya kukinga macho.

Mama afanye nini

Kwanza, asikiguse tena. Kama amekwisha kukishika, akiweke chini taratibu hapo hapo, mdomo wa bomba ukielekea ukutani pasipo na mtu nyuma yake, wala asijaribu kukitoa risasi. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Awatoe watoto, afunge mlango wa ghala, abaki na ufunguo.

Asikitupe mtoni. Maji hayaui baruti iliyozibwa ndani ya ganda kwa haraka, na mto hupungua kiangazi. Watoto wanaochota maji au kuvua samaki ndio watakaokiokota.

Asikibebe. Barabara za Tongaren zina mashimo na matuta, na tayari imeelezwa kinachoweza kutokea silaha hiyo ikigongwa. Isitoshe, atakayesimamishwa njiani akiwa nayo kikapuni atakuwa na kazi ngumu ya kueleza alikokuwa akienda.

Ampigie simu chifu au naibu wake, au amwendee kwa miguu, ili polisi waje walipo. Mzee wa Nyumba Kumi anaweza kumsindikiza. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112, na upelelezi wana nambari isiyolipiwa, 0800 722 203, ambako mtu anaweza kutoa habari bila kujitambulisha. Aseme wazi: alikikuta lini, wapi, na kwamba hajakisogeza. Akiweza, awe na shahidi, jirani au mzee wa kanisa, tangu mwanzo.

Usalama ni kazi ya Serikali ya Kitaifa chini ya Katiba, kwa hiyo hakuna msimamizi wa wadi au afisa mwingine wa kaunti anayeweza kumwahidi mama kwamba mwanawe hatashtakiwa. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha, na kipindi kikiwepo chifu ndiye wa kwanza kuulizwa. Kisipokuwepo, mzazi anayekwenda mwenyewe kabla silaha haijamwumiza mtu yuko mahali tofauti kabisa na yule ambaye polisi wamemgongea mlango. Kijana akikamatwa ana haki ya kuwa na wakili, ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya kitaifa ya msaada huo.

Wengine huogopa kwamba silaha iliyosalimishwa itarudi mitaani kwa mlango wa nyuma. Kenya ilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayozitaka nchi za eneo hili kuweka alama silaha za serikali na kuharibu zilizokusanywa. Novemba 2016 silaha 5,250 zilichomwa moto hadharani Ngong.

Ikiwa imekwisha kulipuka

Familia nyingi humficha majeruhi wa namna hii, zikihofia polisi kuliko jeraha. Mkono uliopasuliwa na chuma huingia vumbi, kutu na masizi ya baruti, na usiposafishwa hospitalini unaweza kuoza au kuleta pepopunda. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mhudumu wa afya humtibu mtu kwanza. Fomu ya P3 na maswali ya polisi huja baadaye.

Kabla ya kufika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Naitiri au kituo kilicho karibu zaidi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uendelee kukandamiza bila kuchungulia kila dakika. Inua mkono juu ya kifua. Kipande cha chuma kilichozama kisitolewe, kwa kuwa huenda ndicho kinachozuia damu. Usimwagie mafuta ya taa, majivu wala udongo. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya barafu au maji baridi bila kidole chenyewe kugusa barafu. Majeruhi asipewe chakula, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Na bastola iliyopasuka ibaki pale ilipoangukia, kwa sababu huenda bado ina risasi nyingine.